Mami, Nilimpa Katuni Jina Lako

Mami yangu, uliyelala Gatuanyaga nyuma ya zizi la mbuzi,

Nisikuzungushe, maana hukupenda mtu wa kuzunguka. Nimeaibika. Nimeaibika hadi Jumapili iliyopita nilikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani, mimi ambaye unajua hupenda kukaa mbele ili kofia yangu ionekane. Jina lako linatukanwa, Mami. Watoto wa hapa Gitothua wakigombana kwenye mchezo, anayeficha mpira anaambiwa, "Wee Nyokabi! Nyokabi msaliti!" Nami napita na sukuma wiki yangu ya jioni, nimeinamisha kichwa kama mgeni, kwa sababu aliyewapa jina hilo ni mimi.

Unaikumbuka ile katuni ya mto? Ile ya kutoka Japani, ya kijana wa skafu nyekundu aliyelinda lango la mto ili watu wa kijiji chake wasikose maji. Televisheni yetu haikuwa na rangi, lakini watoto wa mwalimu walituambia skafu ni nyekundu, tukaamini. Betri ya gari tuliipeleka Thika mjini kuchajiwa, ikirudi nyuma ya baiskeli imefungwa kwa mpira, imejaa vumbi huwezi kujua kama ni betri au ni jiwe. Jumamosi nyumba ilijaa watu. Katuni iliongea Kiingereza cha puani. Wewe Kiingereza hukuwa nacho, sisi tulikuwa na kile cha darasa la tatu. Basi ukasema, "Nyamazeni, nitawaambia wanasema nini."

Na ukatuambia. Ulikaa kwenye kigoda chako unachambua maharagwe, macho kwenye kioo, unaongea kwa niaba ya kila mtu. Kijana wa skafu ukamwita Kamau. Adui mkubwa ulimpa jina la jirani yetu aliyesogeza mpaka wa shamba, na jirani mwenyewe alikuwa amesimama pale mlangoni anatazama. Alicheka, lakini kwa shida. Na yule msichana wa upinde, mwenye hasira, ulimpa jina langu. Siku hiyo ulikuwa umenichapa kwa kumwaga maziwa na nilikuwa bado nashikwa na kwikwi. "Muone Wanjiku," ukasema. "Huyo halii. Anapangusa pua, anaendelea." Nikapangusa pua.

Jambo moja tu hukukubali, kudanganya. Mbwa mweupe wa Kamau alipokufa, nyumba nzima ililia. Mumbi, kitinda mimba wako, alikuvuta leso: "Mami, sema ameamka! Sema tu!" Ungeweza kusema. Nani angejua? Ukamtazama, ukasema, "Amekufa. Mimi nimemwona na wewe umemwona. Njooni mnywe chai." Ukatupa chai yenye sukari ya sikukuu.

Kazi yangu ya kuweka Kiswahili kwenye filamu za watu wa nje niliianza ukiwa hai. Uliwaambia akina mama wa kanisa kwamba Wanjiku huwaandikia maneno watu wasiojua kuongea. Hadi leo sijapata mtu wa kuieleza vizuri kuliko hivyo. Basi baada ya kukuzika, prodyusa wangu, Odhiambo, aliniita kwenye studio yetu ya Thika, kile chumba kilicho juu ya duka la dawa za mifugo, chenye magodoro ukutani ili sauti isitoroke. "Wanjiku, keti kwanza," akasema. "Ile katuni yenu ya mto imezaa."

Imezaa, Mami! Wajapani wametengeneza mwendelezo. Kamau sasa ni mtu mzima, ana kitambi, na skafu bado anayo. Amemuoa yule Wanjiku wa upinde. Wana mabinti wawili. Na wenyewe walitaka itoke kwa Kiswahili, ionyeshwe huku kwetu, na kila nchi imeruhusiwa kubadilisha majina ili watoto wasijing'ate ulimi. "Wape majina ya hapa," Odhiambo akaniambia. "Majina ambayo mtoto atayashika mara moja."

Kamau nikamwacha Kamau. Mkewe nikamwacha Wanjiku, na hapo nikacheka peke yangu kwenye ngazi. Binti wa kwanza nikampa jina la mama yake Kamau, kama inavyotakiwa kwetu. Sasa wa pili? Wa pili huwa wa upande wa mama. Wa pili ni mama yake Wanjiku amerudi. Na mama yake Wanjiku ni nani, Mami, kama si wewe?

Wacha niseme yote, kwa sababu nusu yake haitanipunguzia aibu. Mumbi amekurudisha. Binti yake wa pili ndiye Nyokabi wako, ana miaka tisa, na ule mwanya wako wa meno anao. Mimi sijazaa. Shangazi wakikutana wanasema, "Mumbi amemrudisha mama," halafu wananitazama, halafu mtu anaomba apitishiwe sukari. Hawana ubaya wowote. Lakini nilipomwona yule mtoto wa katuni, macho makubwa namna ile, amesimama hana jina, roho yangu ilisema huyu ni wangu. Na mimi nimemrudisha Mami. Nilimwonea wivu mtoto wa dada yangu, mtoto ninayempenda, kwa sababu ya jina tu.

Na mwanzoni ilikuwa raha, siwezi kukuficha. Nyokabi wa katuni alikuwa mdogo lakini anakemea wakubwa, basi nikamtilia maneno yako. "Umekula?" "Usinijibu na mdomo umejaa." Na lile lako la kila siku, ukimwona mtu amefanya ujinga: "Wewe ni mtoto wa nani?" Watoto wakayapenda. Nyokabi wa Mumbi akajivuna shuleni hadi mwalimu akamwambia apunguze. Nikienda kwao Membley, alikuwa ananipokea langoni mikono kiunoni. Kwa vile ana jina lako mimi humwita Mami, naye alishajua kunitawala. "Mwanangu, umekula?" Mtoto wa miaka tisa! Najibu, "Bado, Mami," nakalishwa, naletewa chapati.

Sasa sikia nilichokosa kuuliza. Wale wenyewe hawatumi hadithi yote. Wanaogopa itavuja, kwa hivyo wanatuma sehemu chache chache, na huku mbele huoni. Mtu mwingine angempa mtoto jina lolote, halafu angoje aone atakuwa mtu wa aina gani. Mimi nilifanya kama tunavyofanya nyumbani, mtoto anapewa jina siku aliyozaliwa, hakuna anayengoja kuona tabia. Tulikuwa tumesharekodi, tumeonyesha, jina limeshika, ndipo sehemu mpya zikaja. Nilizifungua nikiwa na chai mkononi. Nyokabi anaamka asubuhi, anawasalimia walinzi mmoja mmoja, anaenda na kuwafungulia maadui lango la mto. Kijiji kinazama. Yeye anasimama juu ya mwamba anatazama, na wala halii.

"Haiya!" nilisema peke yangu. "Haiya, Mami, umefanya nini?" Kama vile ni wewe!

Nilimkimbilia Odhiambo. Nikamwambia tubadilishe jina, hata leo, hata sasa. "Tubadilishe vipi?" akaniuliza. "Nyokabi yuko kwenye wimbo wa mwanzo. Ama unataka tumwite nani, Akinyi? Akinyi ni mama yangu, na huko simpeleki." Alikuwa anacheka. Aliponiona usoni akaacha. "Pole, lakini maji yamemwagika. Ni katuni tu, Wanjiku."

Na nikaiandika. Hapo ndipo huwa nafunika uso, Mami. Ningeweza kuiandika vibaya, haraka haraka, watoto wasielewe. Niliiandika vizuri. Nilimtafutia msaliti maneno matamu, na dada anayemwigiza aliyasema hadi fundi wa mitambo akavua vile vya masikioni akatutazama. Nilijisikia fahari, ndiyo, kwa muda ule.

Ilipoonyeshwa, Mumbi alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ile ya chini, ile yako ya kabla ya kiboko. "Mtoto amekataa kwenda shule." Wenzake walikuwa wamemtungia wimbo. Mwalimu akiita jina lake darasa linazomea. Mtoto akasema yeye si Nyokabi tena, yeye ni Joy, la ubatizo, basi. Ukimwita jina lako haitiki. "Tulimzika Mami mara moja," Mumbi akaniambia. "Hii ya pili umemzika wewe." Akakata simu. Niliendelea kuishika sikioni, sijui nilikuwa nangoja nini.

Kisha mwisho wa mwendelezo ukaja. Nyokabi anafukuzwa kijijini. Mama yake, yule Wanjiku wa upinde, anamfuata hadi mtoni na kumuuliza, "Kwa nini, mwanangu?" Mtoto ametupa mgongo, mdomo hauonekani. Kwa Kijapani hasemi kitu. Unasikia maji tu, halafu anaenda.

Odhiambo, ambaye roho yake si mbaya, akanivuta kando. "Mdomo hauonekani," akasema. "Weka chochote. Aombe msamaha, watoto walie, jina la mama yako lisafike. Huko nje kila nchi hurekebisha kidogo, hakuna atakayetuuliza." Niliandika, Mami. Niliandika, "Nisamehe, Mama. Nilikosea." Yalienea pale kwenye ule mgongo kama sweta iliyofumwa kwa kipimo. Tukayarekodi, nikayabeba kwenye simu, Jumamosi mchana nikaenda Membley.

Langoni hapakuwa na mtu wa mikono kiunoni. Alikuwa jikoni anatoa njegere kwenye maganda. "Sasa, Auntie," akasema bila kuinuka. Auntie! Nikajaribu kumwita Joy, ulimi ukakataa.

"Nimekuja kukuonyesha mwisho wake," nikasema. Nikamwonyesha kwanza wa Kijapani, kisha wangu. Aliitazama yote miwili bila kupepesa.

"Lakini hapa hakusema kitu," akasema.

"Hakusema. Mimi ndiye nimemwekea."

"Kwa nini?"

"Ili wale wenzako waache kukuimba."

Akapasua ganda jingine. "Sasa si atakuwa anadanganya? Amezamisha watu wote, halafu adanganye tena?"

Nyuma yetu nikasikia Mumbi akicheka, kicheko kile cha mtu anayekaribia kulia. "Yule mbwa, Wanjiku," akasema. "Unamkumbuka yule mbwa?" Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu ile simu. Tukamsimulia mtoto, mmoja akianza mwingine anamalizia. Leso, chai, sukari.

"Cucu alikataa kumwamsha?" akauliza kuhusu wewe, bibi yake.

"Alikataa."

"Na Mum alikuwa analia?"

"Alikuwa anagaragara," nikasema, na Mumbi akanipiga na kitambaa cha sahani.

Nikapiga magoti pale kwenye maganda ya njegere, magoti yangu haya mabovu. Nikamwambia, "Nisamehe, jina lilikuwa lako na nilikuchukulia bila kukuuliza, kwa sababu nami nilitaka kuwa na Nyokabi wangu." Nililia, tena kwa sauti, mwanamke mzima. Hakusema amenisamehe. Alisogeza bakuli ili nisiligonge.

Jumatatu nikayafuta yale maneno. Odhiambo aliniita mkaidi. Ijumaa sehemu ya mwisho ikatoka, na kwenye ule mgongo hamna kitu, ni maji. Kwa hivyo jina lako halijasafika, Mami. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine. Nilikuwa na nafasi ya kulisafisha kwa uongo, nikaiacha ipite, na watoto hapa nje bado wanaitana wasaliti. Nimeshindwa kuja Gatuanyaga kung'oa magugu kaburini kwako. Naogopa nitakaposimama nitakosa pa kuangalia. Ndiyo maana naandika.

Jumapili, baada ya kukaa kile kiti cha nyuma, nilipitia kwa Mumbi kusalimia. Mtoto alirudi shule, lakini bado ni Joy. Kwenye madaftari ni Joy. Mezani nilimwita Joy, nikaweza. Hakunitazama sana. Niliaga mapema. Kulikuwa na ile baridi ya Julai ya kuingia kwenye mifupa, na mimi nilikuwa nimevaa blauzi ya kanisa, sweta mkononi ili isiharibu mapambo.

Nilikuwa nimeshika komeo la lango niliposikia mlango nyuma yangu. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono kiunoni, uso bado umenuna.

"Unaenda hivyo na hii baridi?" akasema. "Vaa sweta. Kwani wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako, Mami," nikasema.

Hakukataa. Alingoja nimalize vifungo vyote, ndipo akaingia ndani.

Nitakuja kung'oa yale magugu,
binti yako mkubwa, niliyevaa sweta