Wadudu wa Mawaridi Yetu

Mdogo wangu Zornitsa,

Sisi wazima, mbuzi kazaa mapacha, na mawaridi tumeshaanza kuchuma. Ila nilikuficha jambo. Wadudu wembamba kama uzi walipojaa kwenye mawaridi ya kijiji, jirani yetu Mzee Dobri alipayuka kanisani kwamba wametoka kwenye maua uliyotuma kutoka Uhispania uliposhindwa kuja kumzika mama, yale niliyoyapanda kaburini kwake. Wanakijiji wakataka tuyang'oe, tuyachome moto. Nililia, lakini sikuyagusa.

Jana akaja mtaalamu wa wadudu, binti mdogo tu, na hadubini yake. Akakung'uta mawaridi, maua ya kaburini, hata maua pori ya kule mlimani kusikolimwa. Kote, wadudu ni aina ileile.

"Ile aina ngeni ina nywele ndefu mbele na nyuma ya shingo," akasema. "Hawa wanazo nyuma tu. Ni wa hapahapa."

"Una hakika?" akabisha Dobri.

"Mzee, hawa ni wenyeji kuliko wewe!"

Tulicheka mpaka Dobri naye akacheka. Leo asubuhi nimemkuta makaburini akiyamwagilia maua yako. Samahani hakusema. Aliuliza tu, "Mwenyewe anakuja lini?"

Na mimi nakuuliza hivyohivyo.

Dada yako,
Rumyana