Ndege wa Kilima cha Kwenu

Mama yangu,

Ungekuwa hai ningeingia jikoni nikavuta kigoda, tukaongea huku ukichambua kunde. Kwa kuwa haupo, naandika, na wengine wakisoma, wasome tu. Kuna jambo limenishinda, na wewe ndiye niliyezoea kumletea yanayonishinda. Hata yale ambayo hukuwa na la kufanya, ulisikiliza mpaka mwisho, ukasema "haya", nami nikaenda kulala.

Unakumbuka ulivyonipeleka kwenu mara ya kwanza? Tulitoka Meru asubuhi nikiwa nimevaa sweta, na kufika Ishiara nilikuwa ninalia kwa joto. Nyanya aliniogesha uani kwa maji ya mtungi, akasema mtoto huyu ameharibiwa na baridi. Kesho yake tukapanda kilima, wewe na mimi, kutafuta kuni. Kule juu kulikuwa na msitu wa kweli, miti mikubwa, kivuli, baridi kidogo kama ya nyumbani. Nikanyamaza kulia.

Ndipo tukamsikia. Nilimwona kabla hujanionyesha, ndege kurumbiza mwenye kifua cha rangi ya chungwa, yule yule niliyemjua kutoka nyuma ya shamba letu la majani chai. Lakini wimbo wake haukuwa ule. Wa kwetu huanza polepole, kisha huvuta mluzi mrefu. Huyu alikuwa anakata kata, haraka haraka, vipande vifupi, anaacha kabla hujazoea. Nikakwambia huyu si yule. Ukatua mzigo wa kuni. "Ni yule yule, Kawira. Ana maneno ya huku tu." Nikakataa. Nikakanyaga chini. Ukacheka hadi ukakaa juu ya kuni zenyewe. "Kwani mimi nikiongea, si mtu?"

Ulijua ulichokuwa unakisema. Pale sokoni Gakoromone ulikuwa hujamaliza kuuliza bei ya ndizi, mwenye ndizi ameshauliza, "Mama, wewe ni wa wapi?" Na umeolewa Meru kabla hata kaka hajazaliwa! Shangazi aliigiza Kimbeere chako cha Ishiara kwenye kila harusi, watu wakashika mbavu, na wewe ukacheka kuwashinda. Kanisani uliimba kwa Kimeru kilichonyooka. Ila mbuzi wa jirani alipoingia kwenye maharagwe yako, wee! Kimbeere kilitoka chote, na kijiji kizima kilielewa bila mkalimani.

Nilipokwambia nimepata kazi ya ndege, ulinitazama sana. "Umesoma miaka yote hiyo ufukuze ndege? Mimi nimewafukuza kwenye mtama nikiwa na meno ya utoto na hakuna aliyenipa digrii." Uliwaambia akina mama wa kanisa kwamba huyu wako wa mwisho analipwa kusikiliza ndege, na mkacheka vizuri. Lakini kila nilipopita kwenda msituni, chupa ya uji ilikuwa tayari mezani, na mahindi ya kuchoma yamefungwa kwenye gazeti.

Sikuwahi kukueleza vizuri kazi yenyewe. Ngoja nikueleze sasa. Ndege wa msituni havuki bonde la joto. Yule wa Mlima Kenya amekaa kwake, yule wa kilima cha kwenu amekaa kwake, mababu na mababu, hawajaonana. Manyoya yao ni yale yale, na vitabuni wameandikwa ndege mmoja. Lakini nyimbo zao zimeachana. Kama zimeachana kidogo, basi wale wa kilimani ni masalia tu, na ofisi za wakubwa hazihangaiki na masalia wakati Mlimani wapo tele. Kama zimeachana hata hawajuani tena, basi wa kilimani ni aina yao wenyewe, hawapo popote pengine duniani, na kilima lazima kilindwe. Na kilima, Mama, kilikuwa kinaisha. Kila nikipanda nilikuta mashamba ya muguka, yale majani ya kutafuna, yamepanda kunishinda, na moshi wa makaa unatoka mahali palipokuwa na kivuli.

Namna ya kujua ungeipenda. Unaficha spika ndogo kichakani, unacheza wimbo. Dume akisikia mgeni wa aina yake anaimba kwenye eneo lake, anakuja amevimba, anatafuta wa kupigana naye. Ni wewe na yule mbuzi. Asipomtambua kuwa wa kwao, anaendelea na shughuli zake.

Nilimchezea dume wa kilimani wimbo wa Mlimani. Alikuwa tawini juu yangu. Aliinamisha kichwa, akajikuna bawa, akadonoa kiwavi. Nikahamisha spika, nikarudia. Wala. Kisha nikamchezea wimbo wa kwao, ai, nusura anigonge kichwa! Nikaubeba wimbo wake nikaupeleka kwetu, pale ukingo wa msitu juu ya majani chai yako. Madume wa pale waliusikia kama watu wanavyosikia redio ya jirani. Nilirudia siku nyingi ili nisijidanganye. Hawajuani, Mama. Ulikuwa umekosea siku ile ya kuni, na nilifurahi ulikuwa umekosea, kwa sababu kilima kilikuwa kimepona.

Ofisini walipiga makofi. Mkubwa wangu alinishika mkono akasema nimewapa ndege mpya. Nikatoka nje kwenye korido nikashika simu kukupigia, na namba yako ilikuwa imezimwa tangu mazishi. Nilisimama pale nimeishika tu.

Sasa hili ndilo limenishinda. Rekodi zangu zote za karibuni za kilimani ni za dume mmoja. Kila dume ana mazoea yake, na nikizisikiliza ni yeye, yeye, yeye tena. Anaimba tangu alfajiri. Anaimba saa za jua kali wakati ndege wenzake wamelala kivulini. Anaimba hata msimu ukiwa umepita. Dume mwenye jike na makinda hana nafasi hiyo, ana midomo ya kulisha. Anayeimba mchana kutwa ni yule ambaye bado anatafuta. Tulimtafutia jike. Tuliingia kila kichaka, tukatega nyavu, tukangoja. Hakuna jike kilima kizima.

Nikaomba tulete majike kutoka Mlimani. Mkubwa wangu hakunifokea, afadhali angenifokea. Aliniuliza kwa upole, "Si wewe mwenyewe umethibitisha hawajuani?" Wangekuwa ndege mmoja, tungemletea mwenzi, lakini kilima hakuna ambaye angekilinda. Sasa ni ndege wawili, kilima kitalindwa vizuri, na mwenzi wake hayupo duniani. Nimegeuza jambo hili huku na huku hadi kichwa kinauma. Sioni mlango.

Nilijaribu kubishana. Nilisimama mkutanoni nikasema, "Mama yangu alitoka Ishiara kwenye joto akaolewa Meru kwenye baridi." Wakacheka. Walidhani nachangamsha mkutano. Mimi sikuwa natania hata kidogo. Wewe ulikuja na maneno yako, ukakaa, ukazaa, ukazoeleka. Kwa nini ndege asiweze? Nilichukua likizo nikapanda Mlimani peke yangu na ule wimbo wake, nikaucheza asubuhi baada ya asubuhi mahali majike wanapojenga viota. Hakuna aliyegeuza hata shingo. Nikafunga vitu vyangu nikarudi kazini.

Na nikiwaza hayo, nawaza ile wiki yako ya mwisho hospitalini. Kimeru kilikutoka chote. Uliongea Kimbeere tu, cha utotoni, na sisi watoto wako tuliozunguka kitanda tukakujibu Kimeru, kwa sababu ndicho ulichotulea nacho. Nilielewa kila neno ulilosema, lakini mdomo wangu haukuweza kukurudishia kwa namna ile uliyoitaka. Ulitujibu kidogo, kisha ukageukia mlango, ukawa unaita. Dada alikushika mkono akasema, "Mama, si tuko hapa sote?" Ukaendelea kuutazama mlango. Sikujua nifanye nini, Mama. Mpaka leo sijui ningefanya nini.

Mjomba Njeru, kaka yako, ndiye aliyesimama na kilima. Nilimwomba asipandishe muguka wake juu zaidi, nikamwahidi msitu ukiachwa ndege wataongezeka. Nilikuwa naamini. Alinisikiliza, akang'oa ile mistari ya juu aliyokuwa ameshapanda, kisha akawafukuza wachoma makaa kwa panga na matusi. "Mpwa wangu amesema ndege wakae, watakaa!" Sasa uamuzi wa kulinda kilima umepita, kibao kimesimikwa chini ya kilima, na Mjomba amejifanya mlinzi bila kuajiriwa na yeyote. Anapanda kila siku. Amekonda, lakini ana furaha ambayo sijaiona kwake tangu tukuzike.

Jumapili iliyopita alinipigia kutoka kilimani baada ya kanisa. Hakuniamkua. "Kawira! Nyamaza usikilize!" Nikasikia upepo, pumzi zake za kupanda kilima, kisha yule ndege. Vipande vifupi, haraka haraka, anakata, anaanza tena. Mjomba akarudi kwenye simu.

"Umemsikia? Ameanza kabla sijatoka kwenda kanisani na bado hajanyamaza! Nimekwambia, tangu tuache kukata miti, wamefurahi. Wamekuwa wengi sasa."

"Umeona mwingine, Mjomba? Wawili pamoja?"

"Wa kuona wa nini? Kwa kelele zote hizi?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Haki nilifungua. Nikafikiria ile mistari ya muguka aliyoing'oa kwa mikono yake, na miguu yake ile ya uzee inavyopanda kila siku.

"Mama yako angefurahi, ama?" akauliza.

"Angefurahi sana, Mjomba."

"Basi ngoja umsikie tena." Akainua simu juu, nikasikiliza mpaka salio lake likaisha.

Lala salama, Mama. Sikuandika ili unisaidie. Najua hakuna msaada. Nilitaka tu mtu mmoja ajue anachokiimba yule dume.

Ni mimi, kitindamimba wako,
Kawira