Kofia za Vidonge

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika tena kabla ya saa nne. Nimepima vidonge kumi tu. Mashine inabana kidonge mpaka kivunjike, mimi naandika namba. Miaka tisa naandika namba.

Patron, mwenye kiwanda, ameleta vyuma vipya vya kushindilia unga. Vidonge vya kifafa havitakuwa bapa tena, vitakuwa na tumbo pande zote mbili. Vinapendeza, vinateleza kooni. Hata mimi nimevipenda.

Alhamisi, 6 Machi

Mzigo wa hospitali ya Kilwa unasubiriwa. Umeme hakuna. Jenereta inalisha mashine ya vidonge peke yake, maabara yangu giza. Patron kasimama mlangoni: “Mama Béa, unga iko ile ile, mashine iko ile ile. Unaogopa nini?”

Kweli, niogope nini? Nimenakili namba ya vidonge bapa kwenye karatasi ya vidonge vipya. Nimetia saini.

Yaya Feza, dada yangu mkubwa, yuko Kilwa. Anakunywa hivi hivi, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mwaka wa pili sasa hajaanguka. Nimefurahi, atapata vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Umeme umerudi. Nimetia vipya kwenye lile pipa dogo linalovizungusha na kuviangusha, kuona kama vitavumilia njia. Nimefungua. Mungu wangu! Kofia zimetoka. Tumbo la juu limebanduka zima zima, chini kimebaki kisahani.

Unga ule ule, ndiyo. Lakini kwenye bapa unashikana sawasawa. Kwenye tumbo unabanwa huku zaidi, kule kidogo, na ukitoka kwenye chuma unaachana. Namba yangu ilikuwa ya umbo lingine.

Lori limeondoka jana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia fundi akandamize zaidi. Kofia zimetoka zaidi. Akalegeza, vikawa unga mkononi. Tumbo hili halitaki, ukaze, ulegeze.

Nimeandika barua mzigo urudishwe. Patron ameisoma, ameitia kwenye droo ya meza, kafunga. “Karatasi iko na saini yako, Mama. Si yangu.” Hasira ninayo, na sina pa kuipeleka. Nimepiga simu Kilwa mara kumi na mbili. Haipiti.

Jumatano, 19 Machi

Simu imepita. Shemeji, mume wa Feza. Lori lilikwama matopeni siku nyingi. Vidonge vimefika vipande na unga, hospitali nzima hivyo hivyo, vingine hakuna. Feza anakisia, leo vipande vitatu, kesho viwili. Nikasema asiache, anywe tu. Akauliza apime vipi.

Sijui. Mimi mpimaji, sijui. Bure kabisa mimi.

Jumapili, 23 Machi

Feza ameanguka. Jikoni, moto ukiwaka. Mkono wa kulia umeungua.

Sikwenda kanisani.

Jumamosi, 5 Aprili

Yaya Feza amefika jana, mkono umefungwa hadi kiwiko. Nimemnunulia vidonge vya kiwanda kingine, bapa. Amelala vizuri.

Asubuhi ametoa kopo kwenye mfuko wake. Vile vipande vyote, hakutupa hata kimoja. Kavimwaga kwenye sinia, kofia huku, visahani kule.

“Béa, musinikasirikie,” amesema. “Pengine miye njo nilibibeba mubaya. Kule kazini hamuwezi kubibandika tena?”

Anachukua kofia kwa mkono wa kushoto, anaijaribu juu ya kisahani, haikai, anachukua nyingine. Saini yangu sijaitaja.

Nimevuta kiti, nikaanza kumtafutia kofia. Imepatikana moja iliyokaa vizuri, akacheka. Tumeendelea mpaka chai ikapoa.