Baba Subira, Gazeti Limemsifu Mwanao

Baba Subira wangu,

Huko uliko sidhani kama magazeti yanafika, kwa hiyo nimeona nikuandikie mwenyewe. Na barua nimeiacha wazi makusudi, waisome Watanzania wote wa Dallas na Houston, na wale wa Fort Worth waliokuwa wakinivuta pembeni kwenye harusi na kuniuliza, "Mama Subira, yule binti yako bado anapiga gitaa tu?" Bado anapiga. Na gazeti kubwa la Houston limemwandika, yeye na Kayla mwenzake, ukurasa mzima kasoro tangazo la magodoro.

Tulia nikuhadithie. Leo huwezi kunikatisha.

Unakumbuka tulivyohamia DeSoto, hapa karibu na Dallas? Mimi nilikuwa nimetoka Morogoro na darasa langu la saba na Kiingereza cha kuombea maji. Wewe ulikuwa na shahada yako na redio ya gari. Kila tukitoka unafungulia stesheni moja tu, ile ya wazungu wa kofia pana. Nikakwambia, "Baba Subira, hawa watu wanaimbia puani, kama wana mafua." Ukasema, "Sikiliza maneno, mke wangu. Mtu kaachwa, mama yake kafariki, treni imeondoka. Hizi si ndizo nyimbo zetu?" Wewe ulikuwa umepiga gitaa la pili kwenye bendi ya kiwanda cha nguo kabla hujapata nafasi ya kuja kusoma, na ole wake aliyethubutu kukwambia gitaa la pili ni dogo.

Lile gitaa ulilonunua kwa mama mmoja wa Cedar Hill, aliyekuwa amemwaga vitu vyake mbele ya gereji anauza, nilikugombeza kwa ajili yake. Mimi nilikutuma ukanunue pasi. Ukarudi na gitaa lenye ufa, unacheka peke yako. Subira alikuwa mdogo, hata mikono yake haikuweza kulizunguka. Ukamkalisha mapajani, gitaa likamkalia yeye.

Halafu akaja Kayla. Walikutana kwaya ya shule, mtoto wa kizungu mwenye madoadoa usoni, amebeba banjo ya babu yake, lile gitaa lenye tumbo la ngoma. Siku ya kwanza alikula ugali na dagaa nyumbani kwetu, akaomba tena. Nikasema huyu ni wangu. Mama yake alikuwa mtu wa kazi mbili, kwa hiyo mtoto tuligawana, yeye usiku na mimi mchana. Mpaka leo ananiita Mama, na akikosea namfokea kwa Kiswahili na anaelewa vizuri sana.

Ulivyokuwa ukiwafundisha sebuleni! "Kidole gumba ndiye baba mwenye nyumba. Hakimbii, hachelewi. Vingine ni watoto, viacheni vicheze." Kayla akakuuliza, na mama je, ni kidole gani? Subira akamjibu kabla yako: "Mama ndiye anayekuchapa ukikosea." Tukacheka mpaka mchuzi ukaungua.

Na kuna jambo moja uliwafundisha ambalo mimi nililiona la mchezo tu. Ulisema, "Mpigaji akitunzwa hakati wimbo. Mtu akija kukuvisha kanga, wewe endelea, zungusha palepale mpaka amalize kukuheshimu." Ili waelewe, ukaniita kutoka jikoni. Nikaja na mwiko mkononi, nikakatika kidogo, nikakufunga kanga yangu shingoni. Hukukosa hata noti moja. Mtoto Kayla akapiga makofi kama yuko kwenye sarakasi.

Ulipotutoka, nyumba ilinyamaza muda mrefu. Gitaa lilikaa nyuma ya mlango, na mimi nikilipita namna mtu anavyompita mgonjwa aliyelala. Siku moja nimerudi kutoka kazini, kule ninakowahudumia wazee, nikawakuta wawili hao wameketi chini sakafuni wanaimba wimbo nisioujua. Nikasimama na mkoba begani. Wimbo ulikuwa wa mwanamume anayeamka alfajiri ya baridi, anatoka na soksi, anawasha gari la mkewe ili kiti kipate joto, halafu anarudi kulala bila kusema kitu.

Baba Subira, nilikuwa sijui kama yule mtoto alikuwa anaona.

Basi wakatengeneza albamu. Waliirekodi kwenye banda la babu yake Kayla, la kuwekea majani ya ng'ombe, na kuna wimbo mmoja ukisikiliza vizuri unasikia mvua juu ya bati. Nilifikiri kesho yake dunia nzima itabisha hodi. Wapi! Maboksi ya CD yakakaa chini ya kitanda changu kama mahindi ya akiba. Niliwapigia CD wazee wangu kule kazini. Bibi mmoja ambaye humkumbuki, na yeye hajikumbuki mwenyewe, alikuwa akiusikia wimbo wa gari anataja jina la marehemu mumewe. Kanisani niliwapigia pia, mchungaji akaniomba nipunguze sauti. Ila magazeti kimya. Redio kimya.

Kayla ndiye aliyesema kwanza kwamba waache. Mjomba wake alikuwa anamngojea akafanye kazi naye huko magharibi ya Texas, kwenye duka la chakula cha mifugo. Subira akasema basi na yeye atarudi chuoni. Walikubaliana wafanye onyesho moja la mwisho Houston, Jumapili alasiri, kwa sababu yule mwandishi wa muziki wa gazeti, waliyemtumia albamu mara nyingi, alikuwa amejibu kwamba safari hii atakuja. Akiandika vizuri, wanaendelea. Asipoandika kitu, kila mtu na njia yake. Waliongea hayo mezani kwangu, kwa upole, kama watu wanaopanga maziko.

Tukaondoka DeSoto na gari la Kayla. Njiani Subira ananiangalia kwenye kioo.

"Mama, please. Leo usipige vigelegele."

"Kwani kuna msiba?"

"Pale watu wanakuja kusikiliza. Wakinyamaza ndiyo wamependa."

"Na wasipopenda?"

"Wananyamaza pia."

"Sasa mtajuaje?"

Kayla alicheka mpaka gari likayumba. "Mama ana hoja," akasema kwa Kiingereza chake cha kuvuta. Subira hakucheka. "Mama, nakuomba. Kaa tu kwenye kiti." Nikamwahidi. Tena niliahidi kwa moyo wangu wote, Mungu ananiona.

Tulimpitia Mama Furaha mtaani kwake Gulfton, yule Mkongomani niliyefanya naye kazi kabla hajahamia Houston. Alikuwa ametoka ibadani, amevaa kitenge cha kusimamisha magari. Ukumbi wenyewe ulikuwa duka la matairi zamani. Viti vya mbao, taa kidogo, na mlangoni kibao kinachosema msizungumze wakati wa nyimbo. Yule mwandishi alikaa pembeni, amekunja mikono kama mtu wa forodha.

Waliimba vizuri, Baba Subira. Waliimba vizuri kupita siku zote. Na watu kimya. Nyimbo zikaenda, watu wanagonga viganja kidogo halafu kimya tena. Mimi nimekaa juu ya mikono yangu. Ndipo wakaanza wimbo wa gari. Mama Furaha akaniinamia.

"Mama Subira. Si ni bwana yako banamuimba?"

"Ndiye."

"Na weye umeikala tu?"

"Nimeahidi."

"Umeahidi nani? Bwana yako iko naitwa mbele ya batu, na weye umeikala kama mugeni! Simama, mama."

Nikasimama. Kwenye mkoba nilikuwa na doti mpya ya kanga, nimeshaikata na kuipinda, nilipanga kuwapa nyumbani, mmoja kipande kimoja na mwenzake kingine. Nikatoka katikati ya viti nikicheza taratibu, vile tulivyokuwa tukienda mbele kumtunza mtu kwetu, hatua mbili na bega. Sakafu ile ya mbao ilipiga kelele mimi nikiwa sijafungua mdomo. Watu wakageuka. Nilimwona yule mwandishi akikunjua mikono.

Nikamvisha Subira kipande cha kwanza mabegani. Alikuwa amefumba macho. Akafumbua, akaniona, na sauti ikamkatikia palepale. Nimemzaa yule mtoto, najua uso wake wa hofu. Nikajua nimewaharibia.

Lakini kidole gumba hakikusimama. Sauti imekwisha, macho yamejaa maji, na kidole kinakwenda, hakikimbii, hakichelewi. Kayla akamwangalia, akaelewa, na banjo ikaingia juu yake, wakazungusha palepale, wakazungusha. Nikamvisha na yeye. Wawili, doti moja.

Kayla akasoma maandishi ya kanga huku anapiga, akasogelea maikrofoni: Hii imeandikwa nini? Subira akapangusa pua kwa bega. "Mcheza kwao hutunzwa," akasema, kisha akawatafsiria kwa Kiingereza: anayecheza nyumbani kwao ndiye anayepewa heshima.

Kimya. Kimya kile ambacho hakuna anayejua ni cha namna gani.

Mzee mmoja wa mbele, mwenye kofia pana kama wale wa redio yako, akainuka polepole na magoti yake. Akavua kofia, akaenda kumvika Kayla kichwani, akageuka kwa watu. "Basi hapa ni kwao," akasema. Ukumbi ukapasuka kwa shangwe. Mama mwingine akavua skafu yake. Mama Furaha akapiga kigelegele kimoja ambacho nadhani Gulfton yote ilikisikia, na mimi, kwa kuwa ahadi ilikuwa imeshavunjika, nikamsaidia. Watoto wakaanza wimbo upya kutoka mwanzo, na safari hii watu wakaimba kiitikio.

Yule mwandishi aliondoka bila kumsemesha mtu.

Tulilala kwa Mama Furaha, na Subira akaja kukaa kando yangu. Nikamwambia, "Nimekosea, mwanangu?" Akasema, "Sijui. Tusubiri." Lakini alijifunika ile kanga, hakuivua. Tulirudi DeSoto, na siku zile nilifagia nyumba mpaka zulia likaomba msamaha.

Simu ilipigwa wakati nachambua mchele. Mama Furaha. "Mama Subira! Mutoto yako iko mu gazeti! Na picha! Nimebeba yote ya hapa kituo cha mafuta, muuzaji ananiuliza kama ninafungua duka!"

Subira alinisomea kwenye simu yake Kayla akiwa upande wangu wa pili, wote watatu tunalia na kucheka. Yule mtu, Baba Subira, alikuwa amesikiliza kweli. Anasema sauti zao zinatembea kama watu wawili chini ya mwavuli mmoja. Anasema gitaa limekuja na mwendo ambao haukuzaliwa Texas, lakini limevua viatu na kukaa. Wimbo wa gari anausifu kuliko zote, kwamba ni wimbo wa mapenzi usiotaja mapenzi hata mara moja, na kwamba albamu ya kwanza haina haki ya kuwa nzuri hivi. Baada yake gazeti la Dallas likaandika, halafu mtangazaji mmoja wa redio wa Fort Worth akaupiga wimbo asubuhi mfululizo. Kayla alimpigia mjomba wake akamwambia atafute kijana mwingine wa kubeba magunia.

Ila kuna kitu kimeniuma kidogo. Kwenye habari ile ya Houston, mimi nimeandikwa "mwanamke mmoja mwenye nguo za rangi". Mwanamke mmoja! Niliyemzaa, nikamsuka, nikamvusha bahari! Na wewe hukutajwa kabisa. Gitaa halikuvua viatu lenyewe. Ndiyo maana nimeandika, watu wajue. Mwandishi simlaumu, yeye alitaja alichokiona, na alikiona vizuri. Hayo mengine ni kazi yangu kuyasema, na unajua sijawahi kuikwepa kazi ya kusema.

Nakushukuru, Baba Subira. Nakushukuru kwa gitaa badala ya pasi. Kwa kiti chenye joto, ambacho sikuwahi kukushukuru kwa sababu wewe mwenyewe ulijifanya umelala. Namshukuru Mungu aliyemleta Kayla mlangoni, na mama yake aliyekubali tugawane.

Wameondoka Ijumaa, wanaimba majimbo ambayo majina yake siwezi kuyatamka. Niliombea gari, nikawafungia maandazi. Miaka yote hii mimi na wewe ndio tulikuwa watu wao, halafu nikabaki mimi peke yangu, napiga makofi ya watu wawili. Jana Subira alinipigia kabla hawajashuka jukwaani, akaiinua simu juu nisikie makofi. Watu walikuwa wengi. Sikumjua hata mmoja wao. Nikakaa kwenye kiti chako, mikono mapajani, nikawaacha wapige.

Pumzika, baba wa mtoto wangu. Huku tuko salama, na tunapendwa.

Mkeo daima,
Mama Subira