Filamu Aliyoifungua Seif

Nassor,

Ulipokuwa hai jina lako halikupata kunitoka mdomoni. Nilikuita "bwana," na nikikasirika nilikuita "wewe." Leo naliandika bila haya, kwa herufi zile zile za chuo cha Kurani ulizokuwa ukizicheka. Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naiacha kwa Mola, Akupe nuru ulipo. Yangu si njema. Zimebaki siku kumi na moja eda yangu iishe, na mwezi huu wa mwisho umenielemea kuliko ile mitatu iliyopita.

Nakaa chumba kile kile cha nyuma. Nina kanga mbili kuukuu zisizojua udi, na shangazi yako Bi Kazija, anayenilinda kutwa kucha. Simlaumu. Ananipikia uji wa pilipili manga, ananichekesha, halafu ananikumbusha nisichungulie dirishani, nisikae mlangoni, nisicheke kwa sauti. Mji umechafuka kwa siasa. Watu wa mtaa mmoja hawaamkiani, duka hili la hawa na lile la wale. Hayo nayasikia ukutani tu. Nimeambiwa mazikoni kwako walikuja wa pande zote mbili, wakalishika jeneza pamoja, kisha wakarudi makwao kuendelea kununiana.

Wewe ndiye uliyeniharibu. Nilipoolewa kutoka Kojani nilikuwa mtu wa kutembea. Kwetu mwanamke huteremka pwani miguu mitupu, huokota kombe, hupiga kelele akasikiwa ng'ambo. Hapa Chake nikaingizwa ndani, nikaambiwa mke wa mtu wa mjini hatoki ila giza likiingia, na buibui, na wa kumsindikiza. Nililia mwaka mzima. Hukunibembeleza. Ulinipeleka ghalani, ukaliziba dirisha kwa buibui langu bovu, ukawasha kandili ya kioo chekundu, ukailaza karatasi nyeupe ndani ya dawa. Mtu wa sokoni akaanza kutokea polepole, kwanza ndevu, kisha macho. "Haya, huyo kaja kukuamkia," ulisema.

Tangu siku ile wewe ulikuwa miguu, mimi mikono. Ulipiga picha njiani, nikazisafisha mimi. Mji huu wote naujua kwa sura: muuza kahawa mwenye jicho moja, karani anayefungua mwavuli jua kali, watoto wa chuoni na mbao zao kichwani. Hakuna hata mmoja wao anayenijua mimi. Nilikwambia hivyo mpaka likakuingia.

Ndipo ukaja na lile wazo lako. Utaipiga njia yote, ulisema, hatua kwa hatua, kutoka baraza yetu mpaka mwisho wa soko, nami nizipange picha sakafuni nitembee. "Na mwisho kabisa mna kitu nataka ukione." Nikakuuliza kitu gani. Ukanicheka. Ulitoka asubuhi mbili. Ya pili ulirudi umeshika kifua, ukaitundika kamera msumarini na filamu yake ndani, ukasema unajilaza kidogo. Hata alasiri haikufika.

Baada ya arobaini nduguyo Seif alikuja na wazee wawili kuandika vitu vya marehemu. Walikaa ukumbini, mimi nyuma ya pazia, Bi Kazija kanishika mkono. Wakaandika vitanda, wakaandika saa ya ukutani. Kisha wakafikia kamera, Seif akasema, "Kidude hichi kinafunguliwa wapi? Tukione ndani kama kizima."

Nassor, nilijua: filamu ikiona mwanga imekufa. Neno moja tu, "Usifungue," na njia yangu ingepona. Nikafumbua mdomo. Bi Kazija akaweka kidole mdomoni pake. "Nyamaa, mwanangu. Mwenye eda hapazi sauti mbele ya wanaume." Nikanyamaa. Nikasikia mfuniko ukilia, na Seif akisema, "Mna mkanda tu," na mlango wa baraza ulikuwa wazi, na jua la saa nne lilikuwa limejaa ukumbi mzima.

Mungu anisamehe, nililia siku ile kuliko nilivyolia ulipokufa. Nilimlilia Seif na ujinga wake, nikajililia mimi na ulimi wangu uliofungwa, na wewe nilikuwa na hasira nawe. Ungepungukiwa nini kuniambia kulikuwa na nini huko mwisho? Ulipenda sana kunifumbia, na sasa fumbo umekwenda nalo.

Walipoondoka nilimwomba Bi Kazija aniletee kamera. Nikaingia ghalani nikaisafisha ile filamu gizani kwa kupapasa, kama ulivyonifunza. Nilipotoka nikamkuta kasimama mlangoni, ana neno lake. "Mna wanaume humo?" Nikamwambia mna, ni picha za njiani. Akasema mwenye eda haangalii wanaume. Nikauinua mkanda kwenye mwanga nikamwonesha: nyuso nyeupe, kanzu nyeusi, meno meusi. Akaruka nyuma. "Audhubillahi! Hao si wanaume, hao mashetani. Angalia tu, mwanangu." Nilicheka mpaka nikakaa chini, mara ya kwanza tangu uondoke.

Mwanzo wa mkanda hujiviringa ndani kabisa, kwa hiyo ulipona, ingawa kingo zimeliwa na mwanga. Nimepata picha tisa. Baraza yetu. Mlango wa jirani na misumari yake ya shaba. Mbuzi amelala katikati ya njia kama mwenye hati ya kuimiliki. Mzee mshona kofia, anakutazama kwa ubaya, nadhani alikutukana baada ya hapo. Kona ya bomba na ndoo zilizopangwa foleni bila watu. Nazipanga sakafuni kila asubuhi, natembea kando yake miguu mitupu, hatua tisa, nafika ukutani. Kutoka pale bombani mkanda ni mweusi tii. Nimemuuliza Bi Kazija mwisho wa soko mna nini. "Mna nini? Wauza samaki na inzi."

Juzi Seif karudi. Alizungumza kwa upole kupitia pazia. Sehemu yangu ya mirathi, akasema, ni mikarafuu ya Wambaa, ile ya karibu na kisima inayozaa vizuri. Kamera ina mnunuzi, mpiga picha wa Unguja. Na eda ikiisha nitarudishwa kwetu Kojani kwa heshima zote. Alisema kwa wema kabisa, na ndicho kinachonichosha. Kila anayenifungia mlango huufunga kwa wema, hata nashindwa nimgombeze nani.

Nikamtazama Bi Kazija. Kidole kilikwisha kufika mdomoni. Nikakishika, nikakishusha. Kisha nikasema kwa sauti yangu ya Kojani: "Shemegi, mikarafuu chukueni. Mie nataka kamera."

"Shemegi, umepagawa?" akasema Seif. "Mkarafuu utakulisha uzeeni. Hicho kitakulisha nini?" Nikamwambia sijui. Kweli sijui, Nassor, na sasa hivi ninapoandika naogopa. Mama yangu akisikia nimeacha mikarafuu kwa ajili ya kisanduku, atasema nimerogwa.

Mwisho Seif akakubali. "Kamera yako. Nyumbani hapa kaa, kama hutaki Kojani. Lakini ibaki ndani. Mke wa ndugu yangu hasimami njiani kupiga watu picha. Nikisikia umetoka nayo, nakupeleka kwenu mwenyewe." Basi ninayo. Iko mapajani mwangu, na mbele yangu kuna kuta nne, na kuta zote hizi nimekwisha kuzipiga kwa macho.

Eda ikiisha wanawake watakuja kunitoa, nitaoga, nitavishwa, kisha Bi Kazija atanipitisha kwa waliokuja msibani niwashukuru. Nitamwomba tupite sokoni. Sijamwambia. Ila jana alilikunjua buibui langu jipya, akalipima kwa mikono, akasema limeshonwa pana, linaficha hata mtungi. Kisha akaenda zake jikoni.

Nakuahidi hili. Nitafika bombani, na nitaendelea. Sitakijua kile ulichotaka nikione. Nikikutana nacho kitakuwa kimesimama tu kama vitu vingine, na wewe hupo kunionesha. Basi nitapiga vyote: wauza samaki, inzi, kuta, wanaoamkiana na walionuniana, mpaka filamu uliyoiacha ghalani iishe. Seif akinipeleka Kojani, nitakwenda na picha hizo, nizisafishe huko. Kimoja kati ya hivyo kitakuwa ndicho.

Nakuaga, Nassor. Mungu akulaze pema.

Mkeo