Dawa ya Magoti

Mama,

Shikamoo. Sijui kama salamu inafika huko uliko, lakini nikianza bila hiyo nitakusikia ukinikaripia, nami sina nguvu ya kukaripiwa leo.

Tangu tukuzike mvua zimekwisha na mtama umevunwa. Gari la moshi linapita mara nyingi siku hizi, hata ng'ombe wa baba wameacha kulikimbia. Baba ni mzima ila anakula kidogo. Mimi bado niko hapa Dodoma kwa Bwana Mganga wa Kijerumani, naosha vidonda vya watu wa reli na kugawa dawa. Kilichoharibika ni nyumbani Mkonze. Mama, wanasema Mama Ndahani ndiye aliyekuua.

Ndiyo, mke mwenzio. Baba mkubwa anasema kile kitu cheusi ulichotapika kilikuwa sumu, na aliyekupikia uji kila asubuhi ni yeye. Wazee wanakaa kesho. Wakimtia hatiani atafukuzwa na nguo aliyovaa, watoto wake wabaki.

Alikuja hapa juzi, kwa miguu, kuniomba nimtetee. Alilia. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kuamini maneno ya baba mkubwa, nikamuuliza kwa ukali uji ule ulikuwa na nini. Akasema ulikuwa unga wa uwele na maziwa, hata yeye aliunywa kwenye kibuyu hicho hicho. Kisha akasema neno ambalo hakujua uzito wake: "Nilikuwa namwambia, dada, meza na dawa zako. Yeye anasema, mwanangu kasema baada ya chakula, na huu ni uji."

Nilikaa chini, mama.

Unakumbuka siku niliyokuletea vile vidonge? Ulikuwa umekaa mlangoni, magoti yamevimba, unapukuchua mahindi na kuniambia dawa ya Wazungu ni nyeupe mno, haiwezi kuwa kali. Nikajifanya mwalimu. Nikakwambia vidonge viwili, mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Ulirudia maneno yangu vizuri kabisa, nami nikajisifu njia nzima. Nilisahau mimi ni mtoto wa nani. Kwetu nani anaita uji chakula? Mtu akinywa uji, akanywa maziwa, akala na kiazi, ukimuuliza atakwambia hajala tangu jana. Chakula ni ugali, na ugali wako ulikuwa mmoja tu, wa jioni. Basi ukawa unangoja hadi jioni, ukishanawa unameza vyote sita kwa mkupuo, kwa kuwa mwanao kasema mara tatu na wewe si mtu wa kuvunja maagizo.

Tena uliniambia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Uliniambia masikio yanavuma, kama umelala karibu na mzinga wa nyuki. Nikacheka, nikasema ni uzee. Bwana Mganga alikwisha kunifundisha kwamba masikio yakivuma, dawa hii imezidi mwilini, ipunguzwe. Nilikariri hilo kwa ajili ya watu wa reli. Kwako sikulikumbuka.

Nikutajie na aibu nyingine. Mama Ndahani alipoondoka nilitafuta pa kutupia lawama. Kabla ya dawa hii, mama, watu wa zamani huko Ulaya walikuwa na asidi kali iliyotuliza maungo lakini ikaunguza tumbo. Baadaye wakaja waliojua kuiunganisha na asidi ya siki, ikawa pole kidogo. Unyevu ukiingia kwenye chupa, muungano huo unavunjika, ukali unarudi na vidonge vinanuka siki. Basi nikafungua chupa vilimotoka vidonge vyako, nikanusa huku naomba inuke. Haikunuka. Nikaponda kimoja, nikakiyeyusha kwenye maji, nikatonesha ile dawa ya chuma ambayo hugeuka zambarau ikikutana na ule ukali wa zamani. Nilisimama nikiyatazama maji yale mpaka macho yakauma. Yalibaki na unjano wa ile dawa ya chuma. Dawa ilikuwa nzima, mama. Hata ikiwa nzima hukwaruza tumbo, na ikizidi tumbo huvuja damu, nayo hutapikwa ikiwa nyeusi; ndiyo maana inataka kutangulizwa kitu tumboni na kugawanywa asubuhi, mchana, jioni. Uji wa Mama Ndahani ungetosha kabisa. Ungekusaidia.

Naogopa. Naogopa uso wa baba. Naogopa baba mkubwa atasema nimehongwa, au atasema vyema, basi muuaji ni huyu, na wadogo zangu watamsikia. Naogopa Bwana Mganga akirudi kutoka Kilimatinde ataninyang'anya ufunguo wa kabati. Jana nimemwagia mgonjwa iodini kwenye suruali. Mara mbili nimejiambia ninyamaze, kwamba huenda wazee watamhurumia wenyewe. Wewe unawajua. Hawatamhurumia.

Nimeacha kusema "baada ya chakula". Sasa kila mgonjwa namuuliza anatia nini kinywani tangu kunapokucha, na namsikiliza mpaka amalize. Wananiona nimekuwa mbea.

Mama, nakuahidi nitasema mbele ya wote, kwa sauti, nitaje vidonge sita na maneno yangu yaliyokupoteza. Nisamehe kama huko kuna kusameheana. Lala salama, mama yangu. Kesho nikifika Mkonze sitapita kwanza kaburini kwako. Nitapita kwa Mama Ndahani, nikae jikoni kwake watu wakiniona, ninywe uji wake.

Mwanao,
Chitema