Kumwona Tavion Mara Kumi na Moja

Toledo, Ohio
Alhamisi asubuhi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na kwamba ile nyonga haikusumbui sana kwa baridi la huko Duluth, ambalo hata Juni halijui kuondoka. Shangazi Solveig naye hajambo? Mwambie samaki wa moshi aliotutumia hawakumaliza siku mbili. Mume wangu alilamba hadi karatasi. Huku sote wazima wa mwili, ila mimi roho haijatulia. Utaona mwenyewe mwandiko ulivyopinda.

Leo jioni ndiyo uteuzi wa chipukizi wa mpira wa kikapu, timu zinapochagua vijana kwa zamu, na naogopa. Nimekuwa na hofu hii tangu Jumatatu.

Bila shaka umesikia kwamba Jumamosi tulibadilishana na timu nyingine tukapata zamu ya pili ya kuchagua. Kuipata tumetoa zamu yetu ya saba, zamu ya kwanza ya mwakani, na nyingine ya mwaka wa tatu kutoka sasa. Miaka yako yote ya kusaka vipaji ulikuwa ukiniambia kwamba nyota aliyekwisha kung'aa haji Toledo kwa hiari yake. Huyo huenda kwenye jua na fukwe. Wa kwetu ni yule tunayemchagua angali mbichi, maana huyo hana ruhusa ya kukataa. Sasa tukikosea leo, hatuna mwakani. Tutafungwa mechi miaka mitano, na hata huko kushika mkia, ambako huipa timu zamu za mwanzo, hakutatusaidia, kwa sababu zamu zetu ziko mikononi mwa watu.

Mji mzima umepagawa. Bwana Dombrowski, mlinzi wa maegesho, ameshachapisha jezi yenye jina la Rutledge kabla hata kijana mwenyewe hajachaguliwa. Jana alinisimamisha akaniambia, "Dada Maren, mwaka juzi mlituletea ule mlingoti usiojua kuruka. Safari hii mkichemsha, gari lako utaenda kuliegesha Michigan." Nilicheka naye vizuri tu. Jioni nilitokea mlango wa nyuma ili nisipite kwake.

Unamkumbuka Mama Pryor, mwenye timu. Marehemu mumewe aliwahi kuchagua mchezaji kwa sifa za kusikia, na jamaa akaja na goti bovu. Tangu hapo bibi ana desturi yake. Jina halipelekwi mpaka amgeukie mkuu wa wasaka vipaji, ambaye sasa ni mimi, mbele ya watu wote mezani, amwulize amemwona mchezaji huyo kwa macho yake mwenyewe mara ngapi. Jibu likimridhisha anaitikia kwa kichwa na simu inapigwa. Asiyeonwa hachaguliwi, awe nani. Miaka sita nimemjibu bila kupepesa. Safari hii taarifa zangu zinasema mara kumi na moja.

Tavion Rutledge ana miaka kumi na tisa na anachezea chuo kimoja huko Montana. Jumatatu niliendesha gari hadi Chicago, anakofanya mazoezi ya faragha. Mitupo yake ni ile ile inayomfanya kila mtu amtake. Lakini nilimtazama ulivyonifundisha, wakati mpira haupo kwake. Kila jitu refu lilipomjia, alifumba macho. Alipopumzika alikalia mikono yake ili isionekane inavyotetemeka. Nilimfuata nikamwuliza taratibu anaogopa nini. Akasema tangu alipoangukia shingo mwezi wa pili, kila akiruka anaiona sakafu inakuja. Madaktari wamempima, mwili hauna kitu. Hata mama yake hajamwambia. Akaniomba, "Mama, usiliandike hilo. Labda litapita." Huenda likapita kweli, Baba. Huenda lisipite.

Jumanne nilimweleza Bwana Babineaux, meneja wetu mkuu. Yeye alimwona mara moja tu, siku kijana alipofunga pointi thelathini na nne, kabla ya kuanguka. Alifunga mlango, akasema maji tumeshayavulia nguo, hatuna budi kuyaoga. Zamu tatu zimekwenda. Tusipomchukua huyu, watu watauliza tulizitolea nini. Akaniambia nijibu swali la bibi kama kawaida, mengine nimwachie yeye. Nilipokuwa mlangoni akauliza inakuwaje mtu nimemwona mara kumi na moja, na jambo kubwa hivyo nikaligundua Jumatatu. Nilibabaisha neno nikatoka.

Baba, sikumwona mara kumi na moja. Kabla ya Jumatatu sikuwa nimemwona hata mara moja. Unakumbuka ile ndege ya Desemba mwaka juzi iliyoporomoka angani juu ya Dakota, nikakuambia nilichubuka kiwiko tu? Tangu siku ile sijaweza kupanda ndege. Nafika uwanja wa ndege, nakaa na tiketi mkononi, miguu inakataa, narudi nyumbani. Mechi za karibu nakwenda kwa gari. Za Montana niliziangalia kwa video, sebuleni kwangu, na video hufuata mpira. Kisha nikaandika kama mtu aliyekuwepo. Niliandika hata kwamba huwasalimia wafagiaji wa uwanja kwa majina yao. Nilitunga. Nilijua ndilo jambo ambalo wewe ungelitafuta kwanza. Na kwa taarifa hizo, zamu tatu zikatoka. Nilipomwona yule kijana amekalia mikono yake, nilijiona mwenyewe, ndiyo maana nilijua cha kumwuliza.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu ukiniamuru nitatii kwa kukuogopa wewe, na nimechoka kufanya mambo kwa kuogopa. Najua wewe na Shangazi mtakuwa mbele ya televisheni. Mkisikia Toledo wametaja jina jingine, basi nimesema mara moja, na kazi sina tena. Mkisikia Tavion Rutledge, nimesema kumi na moja. Utanipigia kunipongeza, kama kila mwaka, kabla barua hii haijakufikia. Nitapokea, na nitakushukuru. Nisamehe kwa shukrani hizo.

Msalimie Shangazi na majirani wote wanaoniulizia. Jikande nyonga kwa maji ya moto, usiache.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Maren Tollefson